Chumba cha Majibu

“Madamu, hivi siri zetu huwa unazipeleka wapi?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa kidato cha kwanza, asubuhi moja alipokuwa anahangaika na kufuli la chumba chake, funguo zikilia mkononi kama njuga. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua tu, maana kichwani mwangu niliona gunia kubwa ambalo lazima liwe mahali fulani. Madamu Raheli alinitazama kama mtu aliyeona nyoka nyuma yangu, akasema, “Nenda darasani, kengele imelia.” Kengele haikuwa imelia. Yaliyotokea wiki ile ndiyo haya. Mengine yalikuwa ya wazi, shule nzima iliyaona. Mengine alikuja kuyasimulia mwenyewe, kipande kipande, na Hiza, mwanafunzi mwenzetu, naye akaruhusu vipande vyake viandikwe.

Raheli Yordani ni mwoga, na wala hafichi. Anaogopa nyoka, anaogopa radi, anaogopa kisima kisicho na mfuniko, anaogopa simu inayoita alfajiri. Alizaliwa Kwamndolwa, pale Korogwe, kwenye nyumba ambazo zamani zilikuwa kambi ya mkonge. Babu yake alitoka Unyamwezi enzi za manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, akazikwa huku huku. Wajukuu wakawa watu wa Korogwe. Kishambaa wanakisikia, Kizigua wanakiokoteza, na Kinyamwezi kimebaki salamu na matusi.

Chuoni alisomea unasihi, ile kazi ya kumsikiliza mtu mpaka mwenyewe ajisikie. Walimaliza kundi zima, wakapiga picha na majoho yao, wakaapa wote kwamba hakuna atakayeiacha kazi hii. Mathias alikuwa wa kwanza kuiacha. Sasa anauza vipuri vya pikipiki. Ritha alikwenda kufundisha chekechea, anasema watoto wadogo siri zao ni za pipi, hazikoseshi mtu usingizi. Bernadina, aliyelala naye bweni moja, alivumilia mwaka, kisha akapata kazi kwenye ofisi ya mikopo Korogwe. “Huku mwenye deni akilia,” alimwambia Raheli, “angalau unajua anachokililia.”

Raheli yeye aliletwa Kang'ata, huku kwetu Handeni. Akapewa Historia, akapewa zamu ya uji, akapewa bweni la wasichana, na unasihi ukabaki kama ukoko: unaliwa mwisho, na anayeukwangua ni mwenye njaa kweli. Chumba chake kilikuwa stoo ya majembe. Mkuu wa shule, Mwalimu Deogratius, mtu mwema ila mwenye haraka zake, alimwita kijana mwenye mwandiko mzuri akamwambia apake mlangoni kwa rangi ya bluu: USHAURI NASAHA.

Balaa lote lilianzia kwenye maneno yale mawili.

Kila mtu Kang'ata alikuwa ameshayasoma mahali pengine. Yaliandikwa kwenye mlango wa mwisho wa zahanati, ule ambao watu huuingia wakitazama nyuma, wakatobolewa kidole, wakakaa kwenye benchi kusubiri majibu ya virusi. Kwa mtu wa kwetu nasaha haikuwa maongezi. Nasaha ilikuwa kupima. Kabla rangi haijakauka wanafunzi walishakipa chumba jina: Chumba cha Majibu.

“We, umemwona Loveness kapita Chumba cha Majibu?”

“Kapita au kaingia?”

“Kapita. Lakini kapunguza mwendo.”

“Mh! Huyo tayari.”

Raheli alilisikia jina hilo, akacheka. Alidhani ni utundu wa wanafunzi. Alidhani “majibu” ni majibu ya maswali, na akaona si jina baya hata kidogo.

Basi hakuna aliyeingia kwa mlango. Waliokabwa kooni walimjia kwa ubavu: huyu kashika daftari la Historia asilo na swali nalo, yule kaja kuosha masufuria ya uji wakati si zamu yake. Wakisugua, maneno yanadondoka pamoja na ukoko. Mara nyingine maneno yenyewe yalikuwa ya kumfanya mtu aache sufuria akashike ukuta. Chuoni walimfundisha namna ya kupokea. Pa kuweka, hakuna somo lililogusia. Akikutana na mzazi fulani sokoni anatabasamu, Raheli anajua kilichofanyika nyumbani kwake, na bado inabidi aamkie shikamoo. Akirudi kwake ugali haushuki. Na chini ya hofu zake zote ndogo ndogo za nyoka na radi, kulikuwa na moja iliyolala kama chatu: kwamba iko siku neno lake litamwua mtoto wa mtu.

Ndipo Bernadina akapiga simu.

“Shoga, nafasi imepatikana! Jumatatu uwe umeripoti. Utakaa kwenye kiti kinachozunguka.”

“Kinazunguka kweli?”

“Kinazunguka mpaka unasikia kizunguzungu. Fungasha uje, mwenzangu, utakufa huko na siri za watu.”

Raheli alikubali kabla simu haijapoa. Mkuu alipoambiwa aliguna tu, akasema, “Sikulaumu, mwalimu.” Sufuria zikaingia kwenye boksi, nguo kwenye begi. Kila alichokifunga, kifua kilipata nafasi ya kuvuta pumzi. Kitu kimoja tu kilikataa kufungika: Hiza.

Hiza alikuwa kidato cha tatu, golikipa wetu, mikono mirefu kama imeumbwa kuchuma mapera bila ngazi. Mama yake alishafariki. Baba yake aliingia kwenye mashimo ya dhahabu miaka ya nyuma, akaonekana tena Geita, kisha hakuonekana kabisa. Kijana alilelewa na bibi yake, Bibi Rhoda, mama wa vitumbua pale getini. Na sasa golikipa alikuwa ameacha kudaka. Mpira unakuja, anautazama unavyopita, kama mtu anayeangalia gari lisilo lake. Darasani analaza kichwa. Walimu wengine walisema bangi. Raheli alimwangalia macho akaona si bangi, ni hofu. Mwoga humjua mwoga mwenzake.

Angekuwa na mwezi mmoja, angemvuta kwa ubavu kama alivyozoea, wakaosha masufuria, maneno yakaja yenyewe. Lakini begi lilikuwa limeshafungwa. Haraka ya mtu anayeondoka ndiyo iliyosema siku ile ya Alhamisi, mstarini, baada ya matangazo, mbele ya shule nzima:

“Hiza wa kidato cha tatu, mkitawanyika uje chumba cha nasaha.”

Hata wale wa nyuma, ambao huwa hawanyamazi hata kwenye sala, walinyamaza. Kisha sauti ikatoka katikati ya mistari:

“Oyaa! Majibu yametoka!”

Kicheko kikapasuka kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Wapo waliocheka kwa sababu wenzao wamecheka. Raheli hakusikia kicheko, alikuwa anamtazama Hiza. Uso wa kijana haukuwa wa aibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyesubiri kitu muda mrefu, na sasa kitu kimefika. Hiza akageuka. Hakwenda chumbani. Akatoka getini, akapita karai la vitumbua la bibi yake bila kumwamkia, akashika njia ya mashimo.

Mpaka saa sita mchana habari ilikuwa imefika sokoni, na ilikuwa imenenepa njiani. Vitumbua vya Bibi Rhoda vikapoa kwenye sinia. “Leo sina njaa, bibi.” “Nimekatazwa mafuta, bibi.” Mama mmoja aliushika mkono wa mwanawe ukiwa njiani kwenda kwenye sinia, akaurudisha. Bibi Rhoda alikuwa hajaambiwa lolote, lakini mtu wa kuuza getini hujua kusoma mikono. Akauliza. Akaambiwa. Akazima moto.

Jioni Hiza hakurudi. Jua halijazama, mjomba wake, Obadia, alisimama mlangoni kwa Raheli. Alikuwa mchimbaji, ana mabega ya mchimbaji, na hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyomtisha Raheli, kwamba hakupiga kelele.

“Mwalimu,” akasema, “mtoto wa dada yangu umemtangaza kama ng'ombe mnadani.”

“Kaka, mimi sikuwa na maana...”

“Asipoonekana,” Obadia akaendelea kana kwamba hajasikia, “na wewe usionekane.”

Akaondoka. Raheli alishika fremu ya mlango mpaka vidole vikafa ganzi. Mvua ikaanza kunyesha. Usiku wa mwoga hauna haja ya kusimuliwa.

Ijumaa asubuhi mkuu alikuja na mwavuli wake. “Mwalimu, wewe si unaondoka Jumatatu? Ondoka leo. Watu wana hasira. Mimi nitawaambia ulishahama.” Aliyasema kwa huruma kabisa, na ubaya wake ndio huo: mlango ulikuwa wazi, na anayemshikia ni mtu mwema. Raheli akachukua begi. Boksi la sufuria akaliacha. Akajitanda kanga mpaka machoni, akapita nyuma ya nyumba za walimu, akafika stendi, na gari la Korogwe lilikuwa limeshapiga honi ya kwanza. Aliwaza Kwamndolwa, kwa mama yake, chumba chenye komeo la ndani. Aliwaza kiti kinachozunguka. Kila alipojaribu kumwaza Hiza, akili yake iliruka kama mguu uliokanyaga kaa la moto.

Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya gari aliposikia:

“Hee! Mnyamwezi! Mzigo huo unaupeleka wapi?”

Ilikuwa sauti ya Bibi Rhoda. Raheli akashuka, akaamkia, “Shikamoo bibi.” Bibi hakuitikia.

Hapa inabidi mjue kwamba wawili hawa walikuwa watani. Mzigua na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita Uzigua na mizigo ya pembe za ndovu kwenda pwani. Mtani anakutukana unacheka, anakunyang'anya chakula unashukuru, hata msibani anaruhusiwa kukufanyia vituko. Ukimnunia, mwenye kosa ni wewe. Tangu Raheli afike, kila asubuhi pale getini ilikuwa hivyo. “Mnyamwezi, leo unabeba vitumbua vingapi?” “Hivi vitumbua, Mzigua, au mawe ya kujengea?” Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Lakini asubuhi hii utani wa bibi ulitoka umevunjika vunjika.

“Nakuuliza wewe, punda wa Tabora! Babu zako walipita hapa hapa kwetu na pembe mabegani, miguu imepasuka, njaa imewakamata, na hawakutua mpaka pwani. Wewe umebebeshwa kijana mmoja tu, unamtua stendi?”

Watu wa stendi wakacheka, kwa sababu utani ni wa kuchekwa. Halafu wakaacha, mmoja mmoja, kwa kuwa bibi alikuwa analia.

“Bibi, naogopa,” Raheli akasema.

“Na mimi naogopa, mshenzi wewe! Unadhani nimekuja hapa kwa ushujaa?” Akajifuta kwa mkono wenye unga, uso ukabaki na mistari myeupe. “Kaonekana. Adamu wa mashimoni kamwona. Yuko ndani ya lile duara la zamani alilokuwa akichimba baba yake. Nimemwita, hatoki. Mjomba wake kamwita, hatoki. Anasema neno moja tu, hataki majibu. Majibu gani? Si unayo wewe? Njoo umpe, au umnyang'anye, mimi sijui, lakini njoo!”

“Madamu, gari linatoka, unapanda hupandi?” kondakta akauliza.

Ukimsikiliza Raheli, hakuamua kitu. Anasema miguu ndiyo iliyomfuata bibi, kichwa kikaja baadaye. Nyuma yao kondakta alikuwa anapiga kelele, “Begi! Nyie! Begi!” mpaka kijana wa bodaboda akalichukua, akawapakia wote watatu, bibi, mwalimu na begi, wakaenda wakiteleza kwenye udongo mwekundu.

Duara, kwa lugha ya wachimbaji, ni shimo lenyewe linaloshuka wima kufuata dhahabu. Hili lilikuwa limeachwa zamani, nyasi zimeota mdomoni. Watu walikuwa wamelizunguka kwa mbali. Obadia alikuwa ameshika kamba. Alimtazama Raheli tu. Adamu, mchimbaji aliyemwona kijana, ndiye aliyesogea.

“Madamu, nisikufiche. Yale magogo yanayozuia udongo humo ndani yameoza, na mvua imelainisha kingo. Mtu akishuka kumfuata, linaporomoka. Inabidi mwenyewe akubali kujifunga kamba. Na likiamua kukaa, yaani kujifukia, linakaa na mtu wake.”

“Likiamua lini?”

“Hilo halimwambii mtu.”

Raheli hakuweza kusimama ukingoni. Akalala kifudifudi kwenye tope, akajiburuta mpaka kidevu kikapita mdomo wa shimo. Baridi ikampanda usoni. Bonge la udongo likachomoka chini ya kiwiko chake, likaanguka, na kishindo chake kilichelewa sana kufika. Akasikia mkono umemkamata kifundo cha mguu, akataka kupiga yowe. Kumbe ni Bibi Rhoda, amemshika asiteleze.

Chuoni walimfundisha namna ya kukaa na mteja, kiti kiwe wapi, sauti iweje. Ya kulala tumboni kwenye tope hawakumfundisha. Yote yakamtoka.

“Hiza. Ni mimi.”

Udongo ukamwagika mahali fulani gizani.

“Madamu,” sauti ikatoka chini kabisa, nyembamba kama ya mtoto wa chekechea. “Usiniambie.”

“Nisikuambie nini?”

“Majibu. Toka walipotutoboa vidole nilijua. Mama aliondoka na ugonjwa huo huo. Nilikuwa nasubiri tu uniite. Na ukaniita.”

Hapo ndipo Raheli alipolielewa jina la chumba chake. Miezi ya nyuma watu wa afya walikuja shuleni kupima malaria, wakawatoboa vidole kidato cha tatu chote. Walisema ni malaria, Hiza hakuamini. Tangu siku ile alikuwa kwenye benchi lake mwenyewe, anasubiri kuitwa kwenye Chumba cha Majibu. Kila mpira uliompita golini, alikuwa anasikiliza kama jina lake limetajwa. Na Raheli aliyekuwa akiufungua mlango ule kila asubuhi, akipita chini ya maneno yale ya bluu, ndiye aliyelitaja. Chatu yule wa hofu aliyelala siku zote akainua kichwa.

Waliosimama kwa mbali wakatazama chini. Waliokuwa wanacheka jana hawakuwa na mahali pa kuweka macho.

“Hiza, mwanangu, nisikilize. Mimi sina majibu ya mtu yeyote. Sina sindano, sina dawa, sijui kupima hata mimba ya mbuzi.”

“Sasa uliniitia nini?”

“Nilitaka kukuuliza kwa nini umeacha kudaka.”

“Basi?”

“Basi.”

“Mstari mzima ule, madamu, kuniuliza mpira?”

“Nilikuwa na haraka. Nilikuwa naondoka zangu, nikataka niyamalize yako kabla sijapanda gari. Nilikosea, Hiza. Na sasa hivi nimelala kwenye tope na naogopa kuliko wewe.”

“Unaogopa nini? Wewe si uko juu?”

“Naogopa shimo. Na naogopa mjomba wako, yuko hapa nyuma yangu na sijui anawaza nini.”

Kukatoka mlio huko chini, kicheko au kilio, hakuna aliyejua. Obadia akakohoa. “Ninawaza kwamba kamba hii ifike chini,” akasema, akaanza kuiteremsha taratibu. “Hiza, jifunge kwapani.”

Kamba ikashuka, ikalegea, ikabaki imelegea.

“Madamu.”

“Naam.”

“Na kama ninao kweli?”

Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa mtamu. Raheli akaumeza. “Sijui. Tutajua, na kujua siyo kufa, siku hizi watu wanatumia dawa wanazeeka. Nitakaa na wewe kwenye lile benchi. Nitaingia kwanza mimi.”

“Utaingiaje? Si unaondoka?”

Akatafuta neno la kati, neno lenye mlango wa nyuma. Kifundo cha mguu kikabanwa.

“Mjibu mwenzio, Mnyamwezi,” Bibi Rhoda akanong'ona.

“Siondoki,” Raheli akasema.

Neno likashuka shimoni, akalisikia linavyokwenda, na akajua halitapanda tena kumrudia. Kisha kamba ikakaza.

Walimvuta watu wote, hata wale wa kicheko. Mikono mirefu ilipotokeza, ukingo aliolalia Raheli ukanyonyoka. Bibi akamvuta mguu, Adamu akamvuta bibi, na duara likatoa mlio kama mnyama anayejilaza, likakaa. Vumbi halikuwepo kwa ajili ya unyevu. Ulikuwepo moshi wa baridi tu, na pale palipokuwa na shimo pakawa na bakuli la matope. Hiza alikuwa amekaa kwenye nyasi, mwekundu mwili mzima kama kigae, anatetemeka. Raheli naye anatetemeka. Bibi Rhoda akawatazama wote wawili, akasema, “Vitumbua vya jana vipo. Vimekuwa mawe kweli leo.”

Wiki iliyofuata walikwenda zahanati mchana kweupe. Watu walijaa kwenye uzio, eti wanasubiri dawa ya kikohozi. Mwalimu aliingia kwanza kama alivyosema, kidole kikiwa na pamba alipotoka, kisha akaingia Hiza. Majibu yake? Hayo anayo mwenyewe. Alipoulizwa aandikweje hapa, alisema, “Andika kwamba nilirudi golini.” Alirudi golini.

Bernadina alikasirika sana. “Shoga, umerogwa na Wazigua!”

“Nimetaniwa tu.”

“Kiti kimeshapata mtu.”

“Kizunguke naye salama.”

Raheli akaomba brashi, akayafuta yale maneno ya bluu kwa mkono wake mwenyewe, akaandika pale pale jina la zamani: STOO YA MAJEMBE. Majembe akayarudisha ndani, yakae ukutani. Na sasa shuleni kwetu mwenye jambo lake humwendea mchana wazi akasema, “Madamu, naomba kuazima jembe.” Wapo wanaoazima jembe la kweli, kwa hiyo huwezi kujua yupi ni yupi. Mkuu anasema hajawahi kuona shule yenye wakulima wengi hivi na bustani ndogo hivi.

Isidhaniwe kwamba woga uliisha. Kuna jioni mtu anaazima jembe, na asubuhi yake Madamu Raheli anaonekana macho yamevimba, chaki inamtoka mkononi. Bernadina bado hupiga simu. Ofisi za mikopo hazikosi viti. Mara nyingine anafika getini mapema mno, anasimama mbele ya karai la bibi bila kununua.

“Bibi, naomba begi langu.”

Maana begi lile la stendi bibi alikataa kulirudisha. Liko uvunguni kwake mpaka leo. “Likae,” alisema, “siku ukilitaka upite kwangu kwanza.”

“Leo nalitaka kweli, Mzigua.”

“Kula kwanza, punda.”

Anakula. Kengele inalia. Anakwenda kufundisha.

Mwaka huu namaliza kidato cha nne. Siku ya mtihani wa mwisho nilipita kumuaga, nikamkuta pale pale kwenye kufuli lile lile, funguo zinalia kama njuga. Nikamwambia kuna swali langu la zamani hakulijibu. Nilidhani amesahau. Akaacha kufuli, akatazama njia ya uwanjani, kulikokuwa na mtoto mmoja wa kidato cha kwanza anayekuja polepole, anajifanya haji.

“Sizipeleki popote,” akasema. “Nakaa nazo hapa hapa, na woga wangu. Siku mwenyewe akirudi kuifuata yake, asikute nimehama.”